Kete italala wapi?

Kete za mkononi zilikuwa zimeshaisha na mchezo wa bao umeingia mtaji, hatua ya pili, ambapo zinachezwa zile zilizo mashimoni tu. Mzee mwenye zamu hakugusa kitu. Alilitazama shimo moja la mbele lenye kete 5, kidole kikitembea hewani juu ya ubao, midomo ikihesabu bila sauti. Ilipita kama dakika mbili. Wenzake barazani wakanyamaza. Kisha akazizoa zile kete akazisambaza moja moja, ya mwisho ikaangukia shimo lenye kete na upande wa pili mkiwa na kete za mpinzani, akala, akaanza upya kutoka kichwani, yaani shimo la mwisho wa mstari wa mbele, akala tena, akazunguka, mpaka kete moja ikadondoka kwenye shimo tupu. "Imelala," akasema. Ililala palepale kidole kilipokuwa kimesimama kabla hajaanza.

Nilimwuliza amejuaje.

"Nimeicheza kichwani, mwalimu."

"Hakuna njia ya mkato, mzee? Kanuni fulani ya kuangalia tu ubao ukajua?"

"Ingekuwepo ningeshaijua. Bao nalicheza tangu sijaota ndevu."

Jibu hilo lilinigusa kwa sababu ya swali ambalo nilikuwa nalo tangu wiki hiyo. Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita. Binti mmoja wa mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) alibaki darasani baada ya kipindi akaniuliza: "Mwalimu, kama kila kitu ni atomu, na atomu tunazisoma kwako, baiolojia tunaisomea nini?" Aliuliza kwa dhati. Nami nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi nilipokuwa na umri wake, kwamba baiolojia ni kemia iliyochangamana, kemia ni fizikia iliyochangamana, na siku kompyuta zikiwa na nguvu ya kutosha tutaanza na atomu tufike mpaka kwa tembo. Kimsingi inawezekana, nikamwambia, akaondoka.

Nataka kulirudisha jibu lile, hasa hilo neno "kimsingi".

Wanafalsafa wa sayansi wana jina la msimamo niliompa binti yule. Wanauita ridaksheni. Hapa nitauita fikra ya vipande: ukitaka kukijua kitu kivunje, jua vipande vyake na sheria zake, na kilichobaki ni hesabu. Fikra hii sitaidharau hata kidogo, maana imetuokoa. Homa iliyodhaniwa inatoka kwenye hewa mbaya ya mabwawa ilikuja kujulikana kuwa ni kazi ya kimelea kinachobebwa na mbu, baada ya daktari Mwingereza Ronald Ross kukiona ndani ya mbu mwaka 1897. Aliyepata mafanikio ya namna hiyo ana haki ya kuamini kwamba jibu la kila kitu liko ndani zaidi, kwenye kipande kidogo zaidi.

Imani hiyo ilipata sura yake kamili kwa Mfaransa Laplace, ambaye mwaka 1814 alieleza juu ya akili kubwa inayojua mahali ilipo kila chembe ya ulimwengu na nguvu zote zinazoisukuma. Kwa akili hiyo, alisema, hakuna kingekuwa cha mashaka; kesho ingekuwa wazi kama jana. Miaka 115 baadaye, mwaka 1929, mwanafizikia Mwingereza Paul Dirac aliandika kwamba sheria za msingi zinazohitajika kwa sehemu kubwa ya fizikia na kwa kemia yote sasa zinajulikana kikamilifu, na kwamba tatizo ni hili tu: ukizitumia hasa unapata milinganyo migumu mno kutatulika.

Watu hupenda kuinukuu nusu ya kwanza ya kauli ya Dirac. Mimi naona uzito wote uko kwenye ile "tu".

Hebu tuipime. Chukua chembe ambazo kila moja ina hali mbili tu, juu au chini. Katika fizikia ya kwantamu, ile ya chembe ndogo kabisa, ili kueleza kundi la chembe hizo kikamilifu unahitaji namba moja kwa kila mpangilio unaowezekana, kwa hiyo kila unapoongeza chembe moja daftari lako la hesabu linakuwa nene mara mbili. Chembe 10 zinataka namba 1,024. Chembe 20 zinataka zaidi ya milioni moja. Fika chembe 300 na idadi ya namba inakuwa 1 ikifuatwa na sufuri 90 hivi, ilhali atomu zote za ulimwengu unaoonekana hukadiriwa kuwa 1 ikifuatwa na sufuri 80. Yaani hata ungeandika namba moja kwenye kila atomu iliyopo, karatasi ingekwisha kabla hujaeleza chembe 300. Na tone moja la maji lina molekuli zinazofika 1 ikifuatwa na sufuri 21. Wanafizikia wana mbinu nzuri sana za kukadiria, ni kweli, nami nazifundisha. Ila kila mbinu ya kukadiria huanza na uamuzi wa kipi kiachwe, na uamuzi huo huwezi kuufanya bila kwanza kuwa umeyaona maji yenyewe yakitiririka na kuganda.

Mtu aliyelisema jambo hili vizuri kuliko wote kwa maoni yangu ni Philip Anderson, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Mwaka 1972 aliandika makala fupi katika jarida la Science, na ndani yake akatenganisha mambo mawili ambayo mimi darasani niliyachanganya. La kwanza ni kwamba kila kitu kinaweza kuchambuliwa kikafikishwa kwenye sheria chache za msingi. Hilo alilikubali. La pili ni kwamba ukiwa na sheria hizo unaweza kuanza nazo ukaujenga upya ulimwengu. Hilo alilikataa. Kila vitu vinapozidi kuwa vingi, aliandika, hujitokeza tabia mpya zinazotaka utafiti wake, dhana zake na sheria zake, na utafiti huo ni wa msingi sawa na mwingine wowote. Kujitokeza huko ndiko kunakoitwa uibukaji.

Turudi kwenye bao kidogo. Kete nyingi za bao ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za mkomwe. Chukua komwe moja uipeleke maabara. Ipasue, ipime, ichome, iangalie kwa darubini. Utajua ganda lake lina nini na kiini chake kina nini. Hutakuta ndani yake nyumba, lile shimo kuu la mchezaji. Hutakuta kichwa wala kimbi, yale mashimo ya pembeni mwa mstari wa mbele, wala hutakuta ile hali ya kutisha ambapo mstari wa mbele umebaki mtupu na wazee wanasema hamna. Mambo hayo yapo kweli. Watu hushinda na kushindwa kwayo. Yapo kwenye mpangilio wa kete 64 ndani ya mashimo 32 pamoja na kanuni za watu wawili wanaocheza, na ungebadilisha komwe zote ukaweka vijiwe bado yangekuwepo. Wala hakuna kitu cha siri kilichoongezwa kwenye ubao. Ndiyo maana simwelewi mtu anayeniambia nichague: ama kila kitu ni vipande, ama kuna nguvu ya ajabu. Bao limetengenezwa kwa komwe peke yake na bado habari zake hazimo ndani ya komwe.

Mfano wenye madhara makubwa zaidi tuliuona mwishoni mwa 2019 na mwaka 2020, nzige wa jangwani walipoingia Ethiopia, Somalia na Kenya. Kundi linalofunika kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige milioni 80, na kwa siku moja likala chakula cha watu 35,000. Nzige huyohuyo, akikulia peke yake, ni panzi mpole wa rangi ya kufichama, anayewakwepa wenzake na kuruka usiku. Wataalamu wa Ulaya waliwahi kudhani kwamba nzige wahamaji na aina fulani ya panzi watulivu ni wadudu wawili tofauti, hadi mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov alipoonyesha mwaka 1921 kwamba ni mdudu mmoja katika hali mbili. Vinasaba ni vilevile. Kinachobadilika ni msongamano.

Hapa mtetezi wa fikra ya vipande atanikatiza, na ana haki. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza na Australia walionyesha kwamba ndani ya nzige wa jangwani aliye kwenye msongamano serotonini, kemikali ya mishipa ya fahamu, hupanda, na ukiizuia hageuki. Basi si tumeshafika kwenye molekuli? Tumefika, na ni ugunduzi mzuri sana. Lakini uliza: serotonini imepandishwa na nini? Imepandishwa na kuona na kunusa wenzake, na kuguswaguswa miguu ya nyuma. Chanzo kiko kwenye wingi wa nzige kwa kila mita ya mraba, na wingi huo ni kipimo ambacho hakuna nzige hata mmoja anacho. Mweke mmoja kwenye chupa, mchunguze mpaka molekuli ya mwisho, na swali "kundi litahama lini?" halitakuwa limeguswa. Molekuli zinaeleza namna. Zinahitaji umati ili ziwe na cha kueleza.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema sawa, kazi ni kubwa, kompyuta zetu ni ndogo, lakini kimsingi... Ndipo ninapomleta mwanahisabati Mwingereza Alan Turing.

Mwaka 1936, akiwa kijana wa Cambridge ambaye hajafika hata miaka 25, Turing alionyesha kwamba kuna maswali ambayo hakuna mashine itakayoyajibu yote, haidhuru iwe na kasi gani. Hoja yake, kwa namna inavyofundishwa siku hizi, mtu anaweza kuisimulia barazani. Tuseme fundi mmoja anadai ana programu inayoitwa Mwamuzi. Ipe programu yoyote, itakuambia kama hiyo programu itafika mwisho isimame au itazunguka milele, na haikosei kamwe. Basi mimi naandika programu yangu, naiita Mbishi. Mbishi anamwuliza Mwamuzi: mimi Mbishi nitasimama? Akijibiwa "utasimama", anaanza kuzunguka bila mwisho. Akijibiwa "hutasimama", anasimama hapohapo. Lolote atakalosema Mwamuzi juu ya Mbishi linakuwa la uongo. Kwa hiyo Mwamuzi asiyekosea hayupo. Hata ukijenga kompyuta yenye ukubwa wa jua, hatakuwepo.

Bao halifiki huko, na ni vizuri niseme hivyo waziwazi. Mashimo yana idadi na kete zina idadi, kwa hiyo hali za ubao haziwezi kuwa mpya daima. Mtu mwenye subira ataona ama kete imelala ama hali ileile imejirudia. Kwenye bao jibu lipo kila mara, ila njia ya kulifikia ni kusambaza. Hicho ndicho alichoniambia mzee. Alipokuwa anahesabu kichwani hakuwa amelitabiri bao kutoka nje yake. Alikuwa ameshalicheza, kidole kikitumika badala ya kete.

Lakini ondoa ukuta wa ubao uone kinachotokea. Mwaka 1970 mwanahisabati John Conway wa Cambridge alitoa mchezo wa miraba isiyo na mwisho, kila mraba ukiwa hai au mfu. Mraba mfu wenye majirani hai 3 unazaliwa, ulio hai wenye majirani hai 2 au 3 unabaki, mingine inakufa. Kanuni zimekwisha, zinatosha kwenye kiganja cha mkono. Kutokana nazo hutokea umbo la miraba 5 ambalo baada ya kila hatua 4 linakuwa limesogea mraba mmoja kwa mshazari, kama mdudu anayetembea, ingawa hakuna mraba hata mmoja unaotembea. Kwa maumbo ya aina hiyo watu wamethibitisha kwamba unaweza kujenga kompyuta kamili ndani ya mchezo. Na palipo na kompyuta kamili, Mbishi anaingia. Swali dogo kama "umbo hili hatimaye litakufa lote?" halina njia moja ya kulijibu kwa maumbo yote. Hapa vipande tunavijua kwa asilimia 100. Hakuna tone la ujinga limebaki kwenye sheria, na bado habari za kitu kizima zinaweza kukataa kufikiwa.

Nilipokuwa nikiwaeleza walimu wenzangu hili, mmoja akasema hayo ni michezo ya karatasi, maada halisi haina habari na Turing. Ndiyo hoja iliyonifanya nisome kazi ya Toby Cubitt, David Perez-Garcia na Michael Wolf iliyotoka katika jarida la Nature mwezi Desemba 2015. Walichukua swali ambalo wanafizikia wa maada huliuliza kila siku: je, kati ya hali ya chini kabisa ya nishati ya dutu fulani na hali inayofuata, kuna pengo, au hakuna? Jibu lake linabeba mengi kuhusu tabia ya dutu hiyo. Wakathibitisha kwamba hata ukipewa maelezo kamili ya namna kila chembe inavyoshikana na jirani yake, hakuna algoriti, yaani utaratibu wa kukokotoa hatua kwa hatua, inayoweza kuamua swali hilo kwa dutu zote. Uthibitisho wao unahusu dutu ya kufikirika isiyo na mwisho, na vipande vya chuma vilivyo mezani kwetu vina mwisho. Sitaki kuuongezea uzito usio wake. Ila ile dutu isiyo na mwisho ndiyo wanafizikia wanayoitumia kila wanapoeleza kwa usahihi kuganda na kuyeyuka. Ukiiacha, unaziacha na dhana zenyewe zilizokuwa zikielezwa.

Sasa lile neno. Rafiki yangu anayefundisha falsafa hunipinga hivi: yote uliyosema ni udhaifu wa kujua, wala hayahusu vitu vyenyewe. Ulimwengu unafuata sheria zake hatua kwa hatua. Kwamba sisi hatuwezi kuruka hatua ni shida yetu. Kimsingi vipande vinaamua kila kitu.

Namwelewa, na katika nusu moja ya kauli yake niko naye: vipande vinaamua, sina shaka. Tatizo langu ni "kimsingi" inamaanisha nani. Kama ni mimi na daftari langu, hapana. Kama ni kompyuta ya mwaka 2100, hesabu ya chembe 300 imeshasema hapana. Kama ni akili ya Laplace, basi nayo pia mbele ya Mbishi imekwama, isipokuwa tuipe uwezo ulio nje ya ukokotoaji wowote tunaoujua, na hapo tumeshaacha sayansi tukaingia kwenye ngano. Ahadi ambayo hakuna awaye yote anayeweza kuitimiza, mkubwa au mdogo, sioni imebaki kuwa ahadi ya nini. Nilimpa binti wa watu ahadi ya namna hiyo.

Wapo watakaoyasoma haya wakafurahi kwa sababu nisiyoipenda. Watasema unaona, sayansi imeshindwa, kumbe kuna mambo zaidi, na kutoka hapo hadi kuuza dawa isiyopimwa ni hatua moja. Sikubaliani nao hata chembe. Turing alithibitisha. Anderson alijenga hoja. Mipaka hii imepatikana kwa ukali uleule wa hoja uliotupatia kimelea cha malaria, na haimpi mtu ruhusa ya kuacha kupima. Kinyume chake inaongeza kazi ya kupima, maana kila ngazi inabidi itazamwe yenyewe. Nzige watazamwe kama kundi. Chembe hai itazamwe kama chembe hai.

Hata mafanikio makubwa ya kompyuta ya miaka hii yanaelekea upande huo. Nobel ya kemia ya mwaka 2024 ilikwenda nusu kwa Demis Hassabis na John Jumper kwa programu inayotabiri umbo la protini. Haikuanza na milinganyo ya Dirac. Ilijifunza kutoka kwenye maelfu mengi ya maumbo ambayo watu walikuwa wameyapima maabara kwa miongo kadhaa, na kutoka kwenye ndugu wa protini hizo katika viumbe mbalimbali, yaani historia ya mageuzi. Ilisoma baiolojia. Laiti ningekuwa na mfano huo mdomoni siku ile.

Binti yule nilimwita tena wiki iliyopita. Sikumpa hotuba hii. Nilimpa nakala ya makala fupi ya mwaka 1969 kutoka jarida la Physics Education, iliyoandikwa na Erasto Mpemba pamoja na Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba alikuwa mwanafunzi wa shule ya Magamba mwaka 1963 alipoweka mchanganyiko wa maziwa na sukari kwenye friza ukiwa bado wa moto, akihofia kukosa nafasi, na wa kwake ukaganda kabla ya wa mwenzake. Alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, akamwuliza mgeni Osborne mbele ya darasa: maji ya nyuzi 100 na ya nyuzi 35, ujazo sawa, kwa nini ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda? Darasa likacheka. Molekuli ya maji ina atomu 3 tu na milinganyo yake ilikuwa imeshajulikana kwa karibu miaka 40. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya wakasema hawaoni ushahidi wa kuaminika. Mwaka 2020 wengine huko Kanada wakaonyesha jambo linalofanana na hilo waziwazi kwa punje ndogo sana za kioo zinazopoa ndani ya maji. Juu ya kikombe chenyewe bado wanabishana.

Binti alisoma akasimama pale Osborne anaposimulia kwamba, baada ya kurudi Dar es Salaam, alimwambia fundi wa maabara alifanyie jaribio swali lile. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli yaliyoanza yakiwa moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

"Mwalimu," akaniuliza, "friza la maabara yetu linafanya kazi?"

Linafanya kazi. Tumeanza Jumanne, kwa vikombe 8.